Chunusi si uchafu, na si kila chokea ni chokea

Sisi wakazi wa mijini tuna desturi ya kuupima ugonjwa kwa macho ya watu wengine. Kile kinachoonekana na kuchekwa tunakikimbilia kwa dawa za kila aina, ziwe za duka, za kibanda au za jirani. Kile kisichouma wala kuchekwa tunakiacha mpaka kiote mizizi. Baada ya miaka mingi ya kuketi katika chumba cha daktari wa magonjwa ya kawaida hapa Nairobi, nimesadiki kwamba hakuna sehemu ya mwili inayoonyesha kosa hili waziwazi kama vijitezi vidogo vya mafuta vilivyomo ndani ya ngozi yetu.

Msichana wa kidato cha tatu ana chunusi ambazo zingetulia kwa dawa ya bei nafuu na subira ya miezi mitatu. Anapakwa mchanganyiko usiojulikana umetoka wapi, na ngozi yake inaharibika kwa miaka. Mama wa umri wa miaka 60 na kitu ana uvimbe mdogo kwenye kigubiko cha jicho. Hauumi, na kila mtu, akiwemo daktari wake, anamwambia ni chokea tu. Kumbe ni saratani.

Wote wawili wamepita mikononi mwangu. Kwa yule wa kwanza nilikuwa na haki ya kukasirika. Kwa yule wa pili sikuwa na wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe, nami nitaeleza kisa chake kama kilivyokuwa. Rai yangu leo ni kwamba tezi hizi zinastahili heshima zaidi kuliko tunavyozipa: tuache kuzipiga vita zisipokuwa na kosa, na tuache kuzipuuza zinapotoa ishara ya hatari.

Tezi zenyewe ni nini?

Kila unywele mwilini mwako, hata ule mwororo usioonekana vizuri, umeota kutoka kwenye kishimo chembamba ndani ya ngozi. Kando ya kishimo hicho kuna kitezi kinachotengeneza mafuta mazito. Chembechembe za kitezi hujaa mafuta, hupasuka, na mafuta yale hupanda juu yakiufuata unywele mpaka kwenye uso wa ngozi. Kazi yake ni kuilainisha ngozi na nywele na kuzuia maji ya mwili yasipotee ovyo. Tezi hizi zimejaa zaidi usoni, kichwani, kifuani na sehemu ya juu ya mgongo. Katika viganja vya mikono na nyayo za miguu hazipo kabisa.

Mtoto mchanga huzaliwa tezi hizi zikifanya kazi kwa sababu ya homoni alizopata kwa mama yake. Baadaye hulala kwa miaka kadhaa, na anapoanza kubaleghe huamshwa tena kwa nguvu na homoni za mwili wake mwenyewe. Ndiyo maana uso wa kijana wa miaka 14 hung'aa mafuta hata kama ameuosha asubuhi hiyo hiyo.

Kuna nyingine ambazo hazina unywele. Katika kigubiko cha juu cha jicho mna tezi kati ya 30 na 40 za namna hii, na katika kile cha chini kati ya 20 na 30. Zimepewa jina la Heinrich Meibom, daktari Mjerumani aliyezieleza mwaka wa 1666. Mafuta yake hutandaa juu ya machozi ili yasikauke haraka. Msomaji aweke hesabu hiyo akilini, kwa maana tutairudia.

Chunusi: kosa si la sabuni

Nianze na jambo linaloleta aibu nyingi zaidi. Chunusi haziletwi na uchafu. Zinahitaji mambo manne yakutane: mafuta mengi, kishimo cha unywele kilichozibwa na ngozi iliyokufa, bakteria ambao huishi humo kwa kila mtu, na mwili unaopigana na hali hiyo mpaka pakawa na uvimbe na usaha. Ule weusi unaouona katikati ya chunusi nyingine si vumbi la barabarani. Ni rangi ya ngozi yenyewe na mafuta yaliyokutana na hewa. Ukiusugua kwa mswaki au jiwe utaongeza majeraha tu.

Kwa hivyo mzazi anayemwambia bintiye, "Nenda ukaoge uso vizuri," anamtwisha mtoto lawama isiyo yake. Mwalimu anayemtania mwanafunzi mbele ya darasa anafanya vibaya zaidi. Nimewaona vijana wanaoacha michezo, wanaokataa kupigwa picha, na wanaokaa nyuma ya darasa wakiwa wameinamisha kichwa. Ukiona kijana amejitenga kwa sababu ya uso wake, usidhani ni majivuno. Huo ni ugonjwa unaohitaji kutibiwa kama ugonjwa mwingine.

Vivyo hivyo tuwaache njugu na avokado wapumzike. Wamelaumiwa tangu enzi za nyanya zetu bila ushahidi wa kutosha. Uchunguzi unaonyesha uhusiano fulani kati ya chunusi na vyakula vinavyopandisha sukari haraka, kama soda, vitamutamu na mkate mweupe, na pengine maziwa kwa watu fulani. Kupunguza soda ni jambo jema kwa kila mtu. Lakini anayeahidiwa kwamba atapona kwa kubadilisha sahani peke yake anadanganywa. Na yule anayemwambia kijana kwamba chunusi zitaisha akioa au akiolewa anampa ushauri mbaya wa uzazi pamoja na ushauri mbaya wa ngozi.

Hata hivyo kuna mambo ya nyumbani yanayozidisha chunusi na ambayo hayasemwi sana. La kwanza ni mafuta mazito ya nywele. Mwaka wa 1970 madaktari wa ngozi nchini Marekani walieleza chunusi za aina moja zilizotokea kwenye paji la uso na kando ya uso za wanaume weusi waliopaka nywele mafuta ya namna hiyo. Hapa kwetu naziona kila juma. Mtu anapaka kichwa, jasho linateremka na mafuta, na vinyweleo vya paji la uso vinazibwa. La pili ni dawa. Steroidi za kumeza, baadhi ya dawa za kifafa, dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, na kwa wanawake wengine sindano ya kupanga uzazi, zinaweza kuleta chunusi. Usiache dawa hizo kwa hiari yako. Mweleze aliyekuandikia. La tatu ni homoni. Mwanamke ambaye chunusi zake zinaandamana na hedhi isiyo na mpango na nywele kuota kidevuni anahitaji kupimwa, wala si kuongezewa krimu.

Tiba ya kweli ipo, wala si ya ajabu. Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali. Krimu au jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5 hupakwa kwa utaratibu, kwanza usiku mmoja baada ya mwingine. Tahadhari, hupausha taulo na foronya. Nyingine ni adapaleni, ambayo hufungua vishimo vilivyoziba, lakini haitumiwi na mjamzito. Zikiwa nyingi na zimevimba, daktari anaweza kuongeza vidonge vya doksisaiklini kwa muda wa miezi mitatu hivi, si mwaka mzima, na si bila dawa ya kupaka. Kwa chunusi kubwa zinazoacha mashimo na makovu kuna isotretinoini, dawa iliyoanza kutumiwa Marekani mwaka wa 1982. Inafanya kazi kubwa sana, lakini humlemaza mtoto aliye tumboni. Mwanamke haipati bila kupimwa mimba na kupanga uzazi, tangu kabla ya kuianza mpaka mwezi mmoja baada ya kuiacha.

Jambo moja ninalolisisitiza mpaka sauti inakauka: tiba ya chunusi huanza kuonekana baada ya wiki 8 hadi 12. Anayebadilisha dawa kila Ijumaa hajajaribu hata moja.

Mchanganyiko wa duka

Nirudi kwa yule msichana. Mama yake alifungua mkoba akatoa vikopo vitatu juu ya meza yangu. Kimoja kilikuwa na jina la kampuni, kingine kilikuwa na maandishi ya lugha ambayo hatukuweza kuisoma, na cha tatu hakikuwa na maandishi yoyote. Ndicho kilichokuwa kimependwa zaidi. "Daktari, hii ilifanya kazi wiki mbili tu," alisema. "Uso ulikuwa kama wa mtoto. Tena akiacha siku moja, unawaka moto."

Maneno hayo machache yalitosha kunijulisha kilichomo. Krimu kali ya steroidi, kama klobetasoli au betamethasoni, huzima uvimbe wowote kwa siku chache na kuipausha ngozi. Kwa hivyo mtu hufurahi. Kisha ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo ya damu inajitokeza, vinyweleo vinaota mashavuni, na chunusi mpya zinazuka, zote zikiwa za ukubwa mmoja kana kwamba zimepimwa kwa rula. Anayeacha ghafla huwaka uso na kuwashwa, hivyo hukimbia kununua kopo jingine. Ni utumwa. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu inaweza kuleta presha ya jicho na mtoto wa jicho. Ikipakwa mwili mzima kwa miezi, hupenya na kuzilaza tezi za ndani zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe.

Steroidi ni dawa nzuri sana mahali pake. Mimi mwenyewe huiandika kwa ukurutu. Lakini imeandikiwa karatasi ya daktari, wala haikuandikiwa kijiko cha kuchanganyia kwenye ndoo ya losheni. Fauka ya hayo, katika vipodozi vya kupausha ngozi mara nyingine hupatikana haidrokwinoni na zebaki, vitu ambavyo kanuni za nchi hii haziruhusu katika vipodozi. Zebaki huharibu figo. Mama anayeipaka anaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Binti yule alipona, lakini si upesi. Tulimwachisha pole pole kwa muda wa wiki nyingi, na ilikuwapo siku alipokuja kwangu akilia kwamba nimemharibu. Nilimwelewa. Uso wake ulikuwa mbaya zaidi kuliko siku ya kwanza, nami ndiye niliyemnyima kopo. Mpaka leo ana alama kwenye taya ambazo hazikutokana na chunusi ila na dawa.

Kwa ngozi nyeusi kuna shida nyingine: kila chunusi iliyokamuliwa huacha doa jeusi, na doa hilo hukaa miezi. Wengi hudhani doa ni ugonjwa wenyewe, wakakimbilia kujipausha. Doa hutoka lenyewe chunusi zikizuiwa zisirudi na uso ukikingwa na jua. Aidha, wenye asili ya kupata makovu ya kuvimba, hasa kifuani, mabegani na kwenye taya, wasikamue kitu chochote. Ndimu, dawa ya meno na magadi tuviache jikoni na bafuni.

Mba usiokubali mafuta

Jamaa wa karibu wa tatizo hili ni mba. Kuna aina ya mba unaopenda mahali penye mafuta mengi: kichwani, kwenye nyusi, kando ya pua, nyuma ya masikio na katikati ya kifua. Kuvu ndogo zinazoishi katika ngozi ya kila mtu hula mafuta yale, na kwa watu wengine ngozi hukasirika. Kwa ngozi nyeusi mara nyingi huonekana kama mabaka yaliyopauka, si mekundu kama vitabu vya Ulaya vinavyosema, na ndiyo sababu madaktari wengine hulikosa jambo hili.

Kosa letu la kawaida ni kudhani kwamba kichwa kimekauka, tukakipaka mafuta zaidi. Kufanya hivyo ni kuzilisha kuvu. Dawa ni shampuu yenye ketokonazoli, au zinki, au seleniamu, inayoachwa kichwani dakika tano kabla ya kusuuzwa, mara mbili kwa wiki. Hali hii haiponi moja kwa moja. Hutulizwa, hurudi, hutulizwa tena.

Lakini ikizuka ghafla kwa mtu mzima, ikawa kali na kuenea usoni na kifuani, nashauri apime virusi vya Ukimwi. Tangu mgonjwa wa kwanza atambuliwe nchini mwaka wa 1984, ngozi imekuwa mara nyingi ndiyo ya kwanza kutoa habari. Siku hizi habari hiyo si hukumu ya kifo, kwa maana dawa zipo na zinafanya kazi. Kuchelewa ndiko kunakoua.

Vivimbe visivyo na ubaya

Si kila kitu kinachochomoza kwenye tezi za mafuta ni cha kuogopwa. Kuna vijitone vya rangi ya manjano hafifu kwenye midomo, ndani ya mashavu na katika sehemu za siri. Ni tezi za mafuta za kawaida zilizojitokeza pasipo na unywele, na watu wengi mno wanazo. Nimekutana na vijana waliolipia sindano za kisonono kwa sababu yake, na ndoa moja iliyokaribia kuvunjika. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Muulize daktari, utajibiwa kwa dakika mbili na kwenda nyumbani bila dawa.

Watu wa makamo hupata pia vijinundu vidogo laini kwenye paji la uso na mashavuni, vyenye kishimo katikati. Ni tezi iliyokua kupita kiasi. Haidhuru. Ila daktari na akiangalie mara moja, kwa kuwa saratani fulani ya ngozi inaweza kufanana nacho.

Halafu kuna ule uvimbe wa mviringo unaotembea chini ya ngozi, kichwani, shingoni au mgongoni, ambao ukibonyezwa hutoa uji mweupe wenye harufu mbaya. Tangu zamani sisi madaktari tumeuita kifuko cha mafuta, na jina hilo ni la makosa. Mara nyingi haukutoka kwenye tezi ya mafuta hata kidogo, bali kwenye ngozi ya kile kishimo cha unywele, na ule uji si mafuta ila ni ngozi iliyokufa. Ukikamuliwa hurudi, kwa sababu kifuko kimebaki. Ukitaka kuuondoa, daktari hupiga ganzi na kutoa kifuko kizima. Usingoje mpaka uote usaha, kwa kuwa kazi ya dakika 20 itakuwa ya wiki tatu.

Mtoto naye akizaliwa na baka lisilo na nywele kichwani, lenye rangi ya manjano na uso wa mikwaruzo, wazazi husema ni choa na kulipaka dawa ya choa mwaka baada ya mwaka. Alama hiyo ilielezwa na Jadassohn mwaka wa 1895. Ni tezi za mafuta na ngozi zilizojipanga vibaya kabla ya kuzaliwa. Haiambukizi. Akibaleghe baka hunenepa na kuwa na vinundu, na ukubwani wakati mwingine huota uvimbe juu yake, ambao mara nyingi si saratani. Lisipuuzwe, lionyeshwe daktari, na likibadilika likatwe na kupimwa.

Chokea iliyokataa kupona

Sasa nifike pale ambapo kalamu inakuwa nzito. Mwalimu mmoja mstaafu, mama wa miaka 63, alikuja kwangu na uvimbe wa ukubwa wa punje ya mahindi kwenye kigubiko cha juu cha jicho la kushoto. Hauumi, akasema, ila wajukuu wanauliza. Nikamwambia ni chokea. Nikamwandikia mafuta ya tetrasaiklini ya macho na kumshauri akande kwa kitambaa cha maji moto. Ushauri huo ni sahihi kwa watu wengi wenye uvimbe kama ule. Tezi ya kigubiko inapoziba, hukandwa dakika tano hadi kumi, mara tatu au nne kwa siku, na wengi hupona kwa wiki chache.

Baada ya miezi miwili alirudi. Ulikuwa umepungua kidogo, alidhani. Nikamwandikia tube nyingine. Mara ya tatu alipokuja nilikuwa na foleni ndefu nje, na nikaandika yale yale. Sikumwinamisha kichwa kwenye mwanga. Laiti ningemwinamisha, ningeona kwamba nywele za kope mahali pale zilikuwa zimeanguka, na ukingo wa kigubiko ulikuwa umenenepa na kugeuka rangi ya manjano.

Mara ya nne niliona. Nilimpeleka kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Kipande kilikatwa na kupelekwa maabara, na jibu likarudi: saratani ya tezi za mafuta. Kigubiko chake kilikatwa na kutengenezwa upya, na jicho likaokolewa. Lakini tezi iliyo mbele ya sikio lake ilikuwa tayari imepata mbegu, hivyo alipasuliwa shingoni na kupigwa miale. Nilipomtembelea wodini alinishika mkono akaniuliza kwa upole wa mwalimu, "Mwanangu, ile miezi tisa nilikuwa ninapaka nini?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana naandika.

Saratani hii ni nadra, na sitaki msomaji mwenye chokea ya juzi akose usingizi. Lakini ni hodari wa kujificha. Huwapata zaidi watu waliopita umri wa miaka 60, na mahali inapopenda ni vigubiko vya macho, hasa kile cha juu, ambacho tuliona kina tezi nyingi zaidi. Hujifanya chokea, au hujifanya jicho jekundu lisilosikia dawa. Inaweza kusambaa ndani ya ngozi ya kigubiko bila kuonekana mipaka yake, na ndiyo sababu mpasuaji hukata pana na kupima kingo.

Zaidi ya hayo, kwa watu wachache uvimbe wa tezi za mafuta ni barua kutoka tumboni. Muir na wenzake huko Uingereza mwaka wa 1967, na Torre huko Marekani mwaka wa 1968, walieleza watu waliokuwa na vivimbe vya tezi hizi pamoja na saratani za ndani, hasa za utumbo mpana. Siku hizi tunajua ni kasoro ya kurithi katika uwezo wa chembechembe kurekebisha makosa yake. Kwa hivyo, anayepatikana na uvimbe wa namna hiyo aulizwe: je, baba, mama, ndugu au dada amewahi kuugua saratani ya utumbo au ya tumbo la uzazi? Swali hilo halina gharama, nalo linaweza kuokoa ukoo mzima.

Nini kifanywe?

Kwanza, sisi madaktari. Ninapendekeza kanuni moja tuibandike ukutani: uvimbe wa kigubiko cha jicho ukirudi mahali pale pale, au ukikaa zaidi ya miezi miwili kwa mtu aliyepita miaka 40, au nywele za kope zikianguka, hakuna tube nyingine. Unakatwa kipande, na kipande kinapelekwa maabara. Vivyo hivyo, kitu chochote tunachokikata kwenye ngozi kisitupwe kwenye ndoo. Najua pingamizi. Mgonjwa atasema, "Daktari, sina pesa za maabara," na mara nyingi ni kweli. Lakini jumlisha tube nne za dawa, nauli za matatu mara nne, kisha upasuaji wa shingo na miale. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa bei ghali mno.

Pili, maduka. Wenye kuuza michanganyiko hujitetea kwamba wanawahudumia wasioweza kumlipa daktari wa ngozi, na kwamba madaktari hao ni wachache na wengi wako Nairobi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, nami siikatai. Lakini upungufu wa madaktari haugeuzi sumu kuwa dawa. Kanuni zipo. Shirika la Ukadiriaji Ubora wa Bidhaa na Bodi ya Famasia na Sumu zina mamlaka. Kinachokosekana ni ukaguzi wa kila mara, si msako wa siku moja mbele ya kamera. Mfamasia aliyesomea kazi yake anajua kwamba benzoili peroksaidi ni salama kuliko kopo lisilo na jina. Na alisema hivyo kwa mteja, hata akipoteza mauzo ya siku hiyo.

Tatu, kaunti. Si lazima kila kaunti kati ya 47 iwe na daktari bingwa wa ngozi kesho. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwafunza maafisa wa kliniki kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka wa 1992. Afisa mmoja wa namna hiyo katika hospitali ya kaunti, mwenye kisu kidogo, ganzi na njia ya uhakika ya kupeleka vipande maabara, angezuia machozi mengi.

Nne, wewe msomaji. Mwenye chunusi nyumbani mwako mpe subira na dawa inayojulikana, si kejeli. Kopo lisilo na jina usilinunue hata likisifiwa na nani. Na ukiwa na uvimbe ambao daktari amekupa dawa ile ile mara mbili bila nafuu, muulize kwa heshima lakini bila woga, "Daktari, je, hiki hakistahili kukatwa na kupimwa?" Daktari mwema hatakasirika. Akikasirika, tafuta mwingine.

Mwalimu wangu bado yuko hai, na huja kliniki kila baada ya miezi mitatu. Kigubiko chake kipya hakina kope hata moja. Kila akija hukaa kitini, huniangalia, nami huwasha taa na kuinamisha kichwa chake kwenye mwanga kabla hata hatujajuliana hali. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Mimi nilikuwa nayo, na ilibidi niambiwe.